Turia imejaa maua ukutani lakini haizai, tatizo nini?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Kigamboni, nalifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Wifi yangu yuko Muscat, alinitumia mbegu za turia, yale madodoki yenye migongo migongo wanayokula wahindi. Nimepanda mwezi wa tatu pembeni ya ukuta, imetambaa vizuri mno, majani makubwa, maua ya njano kibao, kila wiki naiwekea urea. Lakini vitunda vinatoka vya saizi ya kidole, vinageuka njano, vinadondoka. Viwili tu ndo vilikua, nikaviacha vinenepe, kuja kupika ndani nyuzi tupu. Jirani ana madodoki laini yanajiotea kwenye fensi, anasema hayo nayo yanaliwa, yana uchungu kidogo ila uchungu ni dawa. Ni kweli? Na mbegu nilizobakiza nipande lini?"

Marahaba mwanangu. Nianze na la jirani maana lile haliwezi kusubiri: usile dodoki lenye uchungu, hata uwe mdogo, hata kama limechemshwa na maji yakamwagwa. Najua kwetu kitu kikiwa kichungu tunasema dawa, na karela, ile mboga chungu ya wahindi, imetuzoesha hivyo, lakini karela ni chungu kwa kawaida yake na watu wameila miaka na miaka, dodoki la kula halitakiwi kuwa chungu kabisa, likiwa chungu lina kasoro. Madodoki, matango, maboga na mamumunye ni ukoo mmoja na ukoo huo una sumu ya asili inaitwa kukabitasini, mimea ya porini inayo nyingi ili isiliwe hovyo, sisi tunazolima zilichaguliwa kizazi kwa kizazi mpaka ikapungua karibu kuisha. Moto hauiondoi. Mtu akila tumbo linasokota, anatapika, anaharisha, wengine mpaka damu. Mwaka 2015 kule Heidenheim, Ujerumani, mzee wa miaka 79 alifariki baada ya kula zukini chungu zilizotoka bustani ya jirani, mkewe alikula kidogo tu akaugua akapona. Zukini nayo ni ukoo huo huo. Kwahiyo jirani mwambie hayo ya fensi ayaache yakauke apate ya kuogea, kazi hiyo yanaifaa sana, na kama kuna mtu kwake ashakula na anatapika basi apelekwe hospitali, asipewe maziwa akaambiwa alale.

Na wewe ya kwako pia uwe unaonja kabla hujapika, kila tunda, sio moja ukadhani yote sawa. Kata kipande chembamba upande wa kikonyo na kingine upande wa chini, gusa na ncha ya ulimi, tema. Kama ni tamu tamu au haina ladha yoyote, pika. Ikiwa chungu tupa tunda zima, usijaribu kukata sehemu.

Haya sasa, turia yako. Kwa ulivyoeleza mmea wako hauumwi wala mbegu sio mbovu. Shida ni saa. Hili zao linakwenda na saa kuliko mboga nyingi unazozijua, ua lina saa yake, tunda lina siku zake chache, ukipitiliza umekosa, na ndo maana watu wengi wanapanda inatambaa mpaka juu ya bati halafu wanakula mara moja au hawali kabisa.

Tuanze na ua. Kuna madodoki ya aina mbili yanayolimwa kwa kula, lile laini la mviringo kama la jirani yako (la kwake ni la porini au limechanganyika, lakini yapo laini matamu kabisa) na hili lako la migongo. Lile laini maua yanafunguka alfajiri na yanakuwa wazi asubuhi, nyuki wanayakuta, kazi inaisha. Hili la migongo maua yanafunguka jioni, kuanzia kama saa kumi na moja hadi saa mbili usiku hivi, na ukiamka asubuhi mengi yashasinyaa. Nyuki saa hizo wanarudi kwao. Porini na mashambani linategemea nondo na wadudu wengine wa usiku, sasa huku mjini kwenye uwanja uliofungwa ukuta pande nne, na watu wanapuliza dawa ya mbu jioni hiyo hiyo, hao nondo watatoka wapi? Ua jike linafunguka, halipati mbelewele, ule unga wa ua dume, kesho yake kitunda kinaanza kuwa njano kuanzia ncha ya chini, siku ya tatu au ya nne kinadondoka. Hicho ndicho unachokiona.

Lakini kabla hujaniamini okota vitunda vilivyodondoka, kama vitano hivi, uvipasue na kisu. Ukikuta ndani kuko safi, kimesinyaa tu, basi ni mbelewele kama nilivyosema. Ukikuta kuna kidoa kidogo cha kuchomwa juu ya ngozi, pengine na tone la utomvu limeganda kama gundi, kitunda kimepinda, na ndani kuna vifunza vyeupe vinachezacheza, huyo ni nzi wa matunda na dawa yake ni tofauti kabisa. Wengi wanakimbilia duka la pembejeo bila kupasua, wanauziwa dawa ya elfu kumi na tano ya kuua mdudu ambaye hayupo, na hiyo dawa ndo inaenda kumaliza nondo wachache waliobaki. Pasua kwanza.

Kama ni mbelewele, utachavusha mwenyewe kwa mkono, ni rahisi hata mtoto wa darasa la tatu anaweza na wanapenda. Jioni kama saa kumi na mbili toka na tochi ya simu. Maua dume yanakaa kwenye kishada, mengi kwenye kikonyo kimoja kirefu, yanafunguka machache kila siku. Ua jike linakaa peke yake, na chini yake lina kitunda kidogo chenye migongo tayari, huwezi kulikosea. Chuma ua dume lililofunguka leo, ng'oa yale majani yake ya njano kibaki kile kiini chenye unga, kisha kipake taratibu katikati ya ua jike, pale kwenye ule ute unaonata, zungusha pande zote. Dume moja linatosha jike moja au mawili. Ukimaliza funga uzi wa rangi kwenye kikonyo ili ujue lile umelifanyia na lini, maana huo uzi utakusaidia wiki inayofuata. Na usishangae madume kuwa mengi kupita kiasi, hii mimea ndo ilivyo, inaanza na madume tupu kwa wiki kadhaa halafu majike yanafuata, na hata baadaye madume yanazidi mbali sana. Hayo ya ziada wahindi wengine wanayakaanga na unga wa dengu, mimi sijaona maajabu yake.

Halafu urea. Mwanangu acha hiyo urea leo. Urea ni naitrojeni tupu na ukiimwaga kila wiki mmea unasema maisha ni mazuri kwanini nihangaike kuzaa, unatoa majani na madume basi. Kwa mchanga wa Kigamboni unaopitisha maji na mbolea chini kama chujio, bora samadi iliyooza vizuri, ndoo ndogo moja kuzunguka shina, ufukie kidogo, na baada ya wiki mbili tatu kijiko kimoja cha chakula cha mbolea ya dukani ya NPK, zile za 17 zote tatu, mbali na shina, kisha mwagia maji. Basi. Weka matandazo, majani makavu au pumba za mpunga, unene wa vidole vinne. Saa saba mchana majani yatalegea yote utadhani yanakufa, usikimbilie ndoo, angalia jioni, yakiwa yamesimama hakuna shida ni jua tu, yakiwa bado yamelala saa kumi na mbili hapo ndo kuna kiu. Kiu ya mara kwa mara nayo inadondosha vitunda na inaweza kuongeza ule uchungu, kwahiyo kiangazi kwa mchanga wenu ni maji kila siku.

Kitu kingine kinasaidia ni kukata ncha. Tawi kuu likishafika juu ya ukuta, kama mita mbili, likate kichwa kwa vidole. Litatoa matawi ya pembeni na hayo ya pembeni ndo yanabeba majike mengi. Ukiliacha litakimbia mpaka kwenye mwembe wa jirani wa pili na matunda utayaona kwa macho tu. Na ukuta wa matofali wenyewe sio rafiki sana, unashika joto, matunda yanalalia ukuta yanapinda. Ukiweza simamisha mirunda minne au mianzi, juu pitisha kamba za katani au wavu wa zamani wa wavuvi, Kigamboni haukosi, fanya kichanja cha kimo chako na kidogo zaidi. Matunda yananing'inia chini yamenyooka, unayaona yote, unachavusha umesimama, na unapata kivuli cha kuchambulia mboga.

Kuna mtu atasema mbegu za Uarabuni hazikubali huku kwetu. Hapana. Tena huku ni afadhali, maana madodoki yanapenda siku fupi ili yatoe majike, Muscat kiangazi mchana unazidi masaa 13 wakati sisi Dar mwaka mzima mchana unacheza kwenye masaa 12 ukizidi au kupungua ni nusu saa hivi. Kenya wanalima turia, karela na bamia sehemu za Makueni na Kibwezi na zinaenda mpaka Uingereza, na ukitaka kuona ilivyo ikiwa saizi ya kuuzwa pita soko la Kisutu hapo mjini au Marikiti kama uko Mombasa, shika moja mkononi ujifunze kwa vidole.

Hapo tunafika kwenye zile nyuzi zako. Ulivyoviacha vinenepe ndo ulipokosea saa ya pili. Dodoki ni mboga kwa siku chache tu, baada ya hapo ni la kusugulia. Toka siku ulipochavusha, wiki moja, joto likiwa kali hata kabla, tunda lina urefu wa kati ya kiganja kilichonyooshwa na kama rula ya shule, na hapo unavuna. Usingoje urefu fulani maana mbegu zinatofautiana, tumia kucha: ibonyeze kwenye ule mgongo, ikizama bila kulazimisha ni changa, ikiteleza au ikihitaji nguvu umechelewa. Lishike pia ncha ulipinde kidogo, changa linalegea. Ukikata mbegu ziwe nyeupe laini, zikianza kuwa na ganda nyuzi ziko njiani. Ndo maana nimesema ufunge uzi, siku ya tano anza kulikagua, na kipindi mmea umekolea uvune kila baada ya siku moja bila kukosa, hata kama leo hupiki, gawa. Kuna sababu nyingine ya kutoliacha: tunda moja likikomaa juu ya mmea, mmea unaona kazi ya kuacha uzao imekamilika, unapunguza kutoa majike mengine. Yale mawili uliyoyaacha yanenepe yalikuwa yanazuia wenzao. Kata kwa kisu au mkasi, usivute, kikonyo chake ni kigumu utang'oa tawi.

Kama ulipopasua ulikuta vifunza basi sikiliza hapa. Huyo nzi anataga chini ya ngozi ya tunda changa, dawa ya kupuliza haimfikii funza aliye ndani. Kinga inayofanya kazi nyumbani ni kuvalisha. Siku ya pili baada ya kuchavusha, ukiona kitunda kimeanza kunenepa, kivishe bahasha ndefu ya gazeti au soksi nyepesi zile za stokingi, funga juu kwa uzi, kinakulia humo humo mpaka unavuna. Kwa bustani ya mashina matatu manne hiyo ni kazi ya dakika kumi. La pili, yaliyodondoka usiyaache chini wala usiyatupe kwenye shimo la mbolea, funza anatoka anaingia ardhini anageuka nzi anarudi. Zamani tulisema tia kwenye mfuko mweusi wa plastiki uache juani, sasa mifuko hiyo ilipigwa marufuku toka Juni 2019, kwahiyo tia kwenye ndoo yenye maji na sabuni, funika wiki nzima, ndo umwage. Mitego ipo, ila muulize muuzaji kwa jina: anayeshambulia madodoki na matikiti anavutwa na chambo kinaitwa kyu-lua, ukiuziwa kile cha nzi wa maembe, methili-yujenoli, utakamata nzi wa maembe na turia yako itaendelea kuliwa. Na hata hicho sahihi kinakamata madume tu, kinapunguza, hakimalizi.

Sisimizi utawaona wengi wanapanda na kushuka, hao wanafuata utamu unaotoka kwenye vitezi vidogo vya majani, hawali kitu. Ila geuza jani uangalie chini, kama wanachunga vidukari basi puliza maji yenye sabuni ya kipande asubuhi, rudia baada ya siku tatu. Unga mweupe juu ya majani ya zamani ni ubwiri unga, kata hayo majani ya chini, pitisha hewa, ukianza mwisho wa msimu usihangaike nao. Mbawakawa wekundu wadogo wanaotoboa majani ni hatari kwa miche tu, mmea mkubwa kama wako hauwajali.

Mbegu ulizobakiza. Pale mtakapoanza kupata mvua za vuli, mwezi wa kumi hivi, ni wakati mzuri, ingawa ukiwa na maji ya bomba unaweza kupanda muda wowote, ukanda wa pwani una joto la kutosha mwaka mzima. Mbegu ya turia ina ganda gumu, nyeusi, imekwaruza kwaruza, ile ya dodoki laini imeteleza na ina ukingo mwembamba pembeni, kwahiyo zikichanganyika unazitenga. Kata ganda kidogo kwa kikatia kucha, upande wa butu sio ule wa ncha, loweka maji ya uvuguvugu usiku kucha. Panda mbili mbili kwenye shimo ulilojaza samadi, kina cha sentimita 2, shimo na shimo mita moja. Zitatoka ndani ya wiki moja au mbili, ng'oa dhaifu ubaki na mmoja. Ukiotesha kwenye kopo hamisha mche ukiwa na majani mawili matatu tu, mizizi yake haipendi kusumbuliwa. Maua yataanza baada ya wiki sita hadi nane.

Kutunza mbegu yako mwenyewe inawezekana ila angalia pakiti, ikiandikwa F1, yaani mbegu chotara, watoto hawatafanana na mama, nunua tu. Isipokuwa F1, chagua tunda moja zuri karibu na mwisho wa msimu, wakati huna haja na mengine, uliloonja wenzake wa shina hilo hilo wakawa hawana uchungu. Ua jike lake ulifunge na kitambaa chepesi mchana kabla halijafunguka, jioni lichavushe na dume la shina lako, lifunge tena. Hizi aina mbili zina saa tofauti na hazichanganyiki kirahisi, ila lile la fensi liko karibu sana na mbelewele chungu ikiingia hutaijua kwenye tunda la mwaka huu, tunda linabaki la mama yake, uchungu unajitokeza kwa mtoto ukishapanda. Liache mpaka liwe la kahawia, jepesi, ukilitikisa mbegu zinalia. Kata kichwa, mimina mbegu, anika kivulini, weka kwenye chupa.

Kupika sitakufundisha wewe wa pwani, ila jambo moja: paa ile migongo tu kwa kisu, ngozi ya katikati changa iache, na usiongeze maji. Turia ina maji mengi kuliko unavyodhani, ukikaanga kitunguu na nyanya ukaitupia na chumvi itatoa mchuzi yenyewe na itanywea ibaki nusu, kwahiyo kata nyingi. Na kamba wadogo ikamaliziwa tui zito inakwenda vizuri sana, au na dengu zilizochemshwa mpaka karibu kuiva, turia iingie mwisho, dakika saba nane epua.